Msiniambie Nyimbo za Kitabu ni za Wazungu

Hoja yenyewe ililetwa kwenye kikao cha halmashauri ya kanisa chini ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kutafuta funguo zao mfukoni. Vitabu vya nyimbo viondolewe kwenye mabenchi vikawekwe stoo. Ubao wa namba ushushwe ukutani, projekta ipate nafasi. Aliyeileta ni kijana mwenye adabu zake, mpiga kibodi mzuri, na sababu yake ilikuwa fupi: nyimbo hizi ni za Wazungu, tuliletewa na wakoloni, sisi vijana hazitugusi. Vichwa vingi vikaitikia. Mwenyekiti akasema kura itapigwa kikao kijacho.

Maneno hayo nimeyasikia miaka mingi, Dar es Salaam, Tanga, hata Nairobi, kwa walokole na kwa watu ambao kanisani hawaendi kabisa. Husemwa kama vile mtu anavyosema jua huchomoza mashariki. Nyimbo za kitabu na makanisa makuu ya mawe ni mabaki ya mkoloni, na anayeyapenda hajajikomboa. Mimi nasema huo ni uongo, na umeishi muda mrefu kwa sababu hatukai chini tukauliza ni nani aliyejenga, ni nani aliyetafsiri na ni nani aliyeimba.

Usiku wa kwanza wa msiba wa shangazi yangu, Muheza, umeme ulikatika mapema. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai, na taa ya chemli moja imening'inizwa mlangoni. Kikongwe mmoja, ambaye macho yamemwishia, akaanzisha "Kaa Nami" kwa sauti nyembamba kama uzi. Hakuna aliyeuliza namba. Ubeti wa pili haujafika, sauti ya pili ikaja kutoka jikoni, kwa kina mama waliokuwa wanamenya vitunguu, na besi ikaingia kutoka nje, nzito, bila mwalimu wala kinanda. Waliimba beti zote. Wimbo huo uliandikwa mwaka 1847 na Henry Francis Lyte, padri wa Kianglikana aliyekuwa anaumwa kifua na ambaye hakuumaliza mwaka huo. Lakini usiku ule, pale kwenye mikeka, mtu angesimama akawaambia wale kina mama kwamba wanaimba wimbo wa Mzungu, wasingemwelewa anazungumza kuhusu nini.

Asubuhi nilikabidhiwa kitabu cha marehemu, Tenzi za Rohoni. Jalada lilishapotea zamani, akashonea kipande cha kanga. Kwenye ukurasa wa wimbo ule ameandika pembeni kwa penseli majina saba, kila jina na tarehe ya mazishi. La kwanza ni la mumewe.

Sasa twende kwenye hilo la "nyimbo za Wazungu". Wazungu wepi? Huko Uingereza kwenyewe, kwa muda mrefu, kanisa la Anglikana liliimba zaburi zilizotiwa vina, na wimbo uliotungwa na mtu wa juzi ulitazamwa kama uhuni wa Wamethodisti. Mwaka 1820, Sheffield, padri Thomas Cotterill alikuwa ameshtakiwa kwenye mahakama ya kanisa na waumini wake mwenyewe kwa kuwaletea kitabu cha nyimbo, mpaka Askofu Mkuu wa York akaingilia kati kusuluhisha. Kitabu kile maarufu, Hymns Ancient and Modern, hakikutoka hadi 1861. Yaani hiki tunachokiita ukale wa Waingereza kiliingia kanisani mwao kwa ugomvi uleule, na lawama zilezile za kuvunja mila, ambazo leo vijana wetu wanalaumiwa kwa mapambio. Ralph Vaughan Williams alipohariri muziki wa The English Hymnal, uliochapwa 1906, alichukua tuni kutoka kwa watu wa mashambani. Moja aliipata mwaka 1903 kwa mzee mmoja wa kijiji cha Forest Green, Surrey. Ilikuwa tuni ya wimbo wa kawaida tu, na leo inaimbwa Krismasi.

Nyingine hazikutoka hata Uingereza. Tuni ya Zaburi ya 100 ya zamani, ambayo kila mwanakwaya wa Kianglikana anaijua, ilichapwa Geneva mwaka 1551. Na hapa kuna jambo ambalo huwa nalionyesha kwa mikono yangu mtu akinibishia. Tuni ile ina mistari minne, kila mstari mizani nane. Utenzi wetu wa pwani una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Chukua ubeti wowote wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858 kabla Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana haijafika Unguja, uuimbe kwa tuni hiyo. Unakaa, silabi kwa silabi, kama kifuniko na chungu chake. Vina vinapishana, hilo ni kweli, maana utenzi hufuatanisha vitatu kisha ukabakiza cha bahari, lakini kipimo ni kilekile. Wala si ajabu basi kwamba kitabu chetu kipendwacho kuliko vyote kikaitwa Tenzi. Sikio la Mswahili lilikuwa limeshafunzwa na washairi wa Lamu na Pate kukaa ndani ya kipimo hicho.

Tatizo lilikuwepo, na mwalimu yeyote wa kwaya mkweli atakuambia. Tuni nyingi za Kiingereza huweka pigo zito mwishoni mwa mstari, ilhali Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana utasikia "mwokozi" ikiimbwa kana kwamba uzito wa neno uko kwenye "zi". Watafsiri hawakuweza kulitibu hilo kila mahali. Waliolitibu ni waimbaji. Wakapunguza mwendo, wakairefusha ile silabi ya katikati mpaka ikapata haki yake, wakaiachia besi ijaze pengo na sauti ya pili ipande mahali ambapo kitabu hakikuiandikia. Msikilize Mwingereza akiimba wimbo huohuo halafu usikilize kwaya ya akina mama wa Masasi. Karatasi ni moja, wimbo si mmoja. Hiyo ni kazi ya vizazi vinne au vitano vya watu wetu, na kuiita mabaki ya Mzungu ni kuwafuta wote waliotia sauti zao ndani yake.

Nao walianza mapema kuliko tunavyodhani. Mwezi Januari 1885, Natete, nje kidogo ya Kampala ya leo, Kabaka Mwanga alipoamuru vijana watatu wa misheni wauawe, Kakumba, Serwanga na Lugalama aliyekuwa mtoto bado, imeandikwa na wamisionari wa siku zile kwamba walikwenda motoni wakiimba. Wimbo ulikuwa tafsiri ya Kiswahili ya wimbo wa Kiingereza. Kiswahili kile kilikuwa kimesafiri kutoka pwani hadi Buganda. Wakati huo hakukuwa na koloni la Uganda wala la Tanganyika. Mtu anayesema nyimbo hizi zililetwa na serikali ya kikoloni anawaambia nini wale watatu? Miaka hamsini baadaye uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, alama yake ikawa "Tukutendereza", wimbo uliozaliwa ng'ambo kwa Kiingereza na ambao leo mlokole wa Kigezi au wa Kagera atakuapia ni wa nyumbani kwao. Naamini ana haki ya kuapa.

Kuhusu majengo, wanaosema makanisa makuu ni mawe ya kigeni nawaomba wapande boti waende Mkunazini. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar ulitiwa sahihi na Sultan Barghash tarehe 5 Juni 1873. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa kwenye kiwanja cha soko hilo, ambacho sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Kuta ni mawe ya matumbawe, yaleyale ya nyumba zote za Mji Mkongwe. Paa lake ni kuba refu la matumbawe na saruji, ambalo wengi waliamini lingeanguka. Saa ya mnarani, inasimuliwa, ilitolewa na Sultan mwenyewe. Msalaba mmoja ulichongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa na wenzake Waafrika. Mlangoni kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, na masimulizi yanasema mafundi walizisimamisha hivyo Askofu Edward Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Altare, kwa mapokeo ya hapo, iko mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa.

Sitaficha kinachoniuma humo ndani. Dirisha la vioo vya rangi linawakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakizuia biashara ya watumwa, na watumwa wenyewe wakakaa zaidi ya karne bila sanamu, mpaka ile ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo na minyororo shingoni. Kumbukumbu ilipangwa kwa jicho la mshindi. Lakini kanisa ni la waliolijaza. Waumini wake wa mwanzo wengi walikuwa watu waliokombolewa. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, alisoma kwa Misheni ya Vyuo Vikuu na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hilo. Huyo naye ni Mzungu?

Hoja nzito kuliko zote aliniletea binti mmoja wa chuo kikuu, na nilimheshimu kwa kuileta. "Amazing Grace", alisema, uliandikwa na nahodha wa meli ya watumwa. Ni kweli. John Newton aliendelea kuongoza meli za watumwa miaka kadhaa hata baada ya kusema ameokoka, hadi 1754. Akawa padri wa Olney, akauandaa wimbo ule kwa ibada ya Mwaka Mpya 1773, miaka mia kamili kabla ya soko la Mkunazini kufungwa, na hakuchapisha kijitabu cha kulaani biashara hiyo hadi 1788. Nilimwambia binti yangu yule kwamba simtetei Newton. Ninachokijua ni kwamba wazao wa watu aliowafunga chini ya sitaha, huko Marekani, waliuchukua wimbo wake wakauimba kwa maana ambayo yeye hakuwa na haki ya kuifikia. Ukiwaambia wauache kwa sababu ya aliyeuandika, unamrudishia Newton kitu ambacho walishamnyang'anya.

Basi kwa nini nyimbo hizi hazifi? Kwa sababu zilitengenezwa kwa mtu asiyejua kuimba. Sauti haipandi mno wala haishuki mno. Tuni ni moja kwa beti zote, kwa hiyo hata mgeni aliyeingia akiwa amechelewa, ubeti wa tatu ameshaukamata. Jengo la mawe lenye paa la juu nalo linafanya kazi yake: watu kumi wakiimba Mkunazini, sauti inapanda kwenye kuba na kurudi imeongezeka, na yule mwenye aibu anajisikia amebebwa. Fungia spika nane humohumo na seti ya ngoma, utapata kelele tupu, maneno yote yamemezwa na mwangwi.

Na hiki ndicho kinachonitia uchungu kuhusu kikao chetu. Simpingi kijana wala pambio. Mapambio yetu mengine ni matamu, yametungwa na watu wetu, na yanastahili nafasi. Ninachokipinga ni mpango unaokuja na ile projekta: watu watano mbele wenye maiki, na sisi mia mbili tunafungua midomo bila kujisikia. Nimesimama katika ibada za namna hiyo nikamtazama jirani yangu; midomo inatembea, sauti haipo, na baada ya robo saa hata midomo imetulia. Na nyingi katika nyimbo zinazorushwa ukutani ni tafsiri za haraka za nyimbo za Australia na Marekani za miaka ishirini hii. Kama ugeni ndio kosa, tuanze na hizo, ambazo hazijapitia koo la bibi yeyote wa Muheza.

Wanaodai vijana hawazitaki nyimbo za zamani waangalie hata huko walikotoka hao wanaodaiwa kuzimiliki. Makanisa makuu ya Uingereza yaliona watu wakiongezeka kwenye ibada za katikati ya wiki katika miaka ambayo parokia nyingi zilikuwa zinapungukiwa, na Sala ya Jioni ya kuimbwa, ambayo BBC imekuwa ikiitangaza tangu 1926, huwavuta wanafunzi wengi ambao Jumapili huwaoni. Kwetu, kijana aliyefundishwa sol-fa na mwalimu mvumilivu, akashika sauti ya tatu mwenyewe na kuisikia ikifunga na nyingine tatu, sijapata kumwona akisema nyimbo hizo hazimgusi. Wanaosema hivyo ni wale ambao hatukuwafundisha, na kosa hilo ni letu sisi wazee tuliokuwa tunawahi kwenda nyumbani kula.

Kikao kimesogezwa hadi baada ya Pasaka. Nitakwenda na kitabu cha shangazi, chenye jalada la kanga na yale majina saba ya penseli, ambayo sasa ni manane kwa mwandiko wangu. Kabla ya kura nitaomba tuimbe ubeti mmoja, spika zikiwa zimezimwa, na nitamwomba yule mpiga kibodi ashike besi.