Uyoga Si Mboga Tu

Mvua zikianza, hapa Chemchem, Tabora, uyoga unauzwa kwa mafungu. Mvua hizohizo, kijijini kwetu, zinasomba mbolea na dawa za wadudu kutoka shamba la tumbaku la baba mpaka bwawani anakochota maji mdogo wangu. Jamani, uyoga unaweza kusaidia! Nyuzi zake hutoa vimeng'enya vya kuozesha miti, ambavyo pia huvunjavunja baadhi ya dawa hizo. Uyoga wa mamama huota hata kwenye mabua ya mahindi. Jaza mabua yenye nyuzi kwenye magunia, yapange mtaroni: ndiyo chujio. Halitaondoa mbolea yote, na uyoga wake usiliwe. Lakini walimu watarajiwa wenzangu, tukienda mazoezini tukalijaribu na wanafunzi. Tunasubiri mfadhili wa nini?