Ratiba Haikumjua Mpagazi

Sisi wapenzi wa reli tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia habari za treni ya zamani, jambo la kwanza tunaulizia ratiba. Iliondoka saa ngapi? Voi ilifika saa ngapi? Ilisimama kwa muda gani? Nami nimemaliza siku nyingi nikitafuta ratiba za treni za abiria za 1914 hadi 1918, nikitaka kujua watu walisafiri vipi kupitia Voi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo nasema wazi: tunatafuta pasipotosha, na tukiishia hapo tunawadhulumu wafu mara ya pili.

Hebu tuulizane, ratiba ni nini? Ni ahadi. Reli inamwambia mtu: njoo saa fulani utanikuta. Reli ya Uganda ilimwahidi nani? Mwenye tikiti. Enzi hizo treni hazikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo abiria wenye pesa zao waliteremka Voi jioni, wakala kwenye bangaloo ya stesheni, kisha safari ikaendelea. Chakula hicho kilipangiwa saa yake. Wasafiri wamekiandika sana, wengine wakilalamikia ugumu wa nyama. Kwa hiyo leo, zaidi ya miaka mia baadaye, tunajua hadi nyama iliyowatesa meno.

Halafu vita vikaja. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka uliofuata vikosi vyao vidogo vilivuka nyika na kutega baruti relini. Mapema 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli mpya kutoka Voi kwenda magharibi, na Juni ilikuwa imefika Maktau. Januari 1916 wakachukua Mbuyuni. Februari 12 wakapigwa pale Salaita. Machi wakapita Latema na Reata, Taveta ikarudi mikononi mwao. Reli ikasonga nyuma ya jeshi mpaka ikaungana na ile ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi.

Sasa wewe unataka ratiba ya abiria ya reli hiyo? Abiria gani, bwana? Ilijengwa ibebe askari, nyumbu, risasi, unga na maji, maana anayeijua nyika ya Maktau anajua kiu yake. Treni ziliondoka jeshi lilipotaka.

Na reli ilipokoma, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu. Huyo ndiye mpagazi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha wapagazi kwa lazima. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi zaidi, wilaya baada ya wilaya. Jina la kikosi chao tunalitamka kila siku tukienda sokoni: Kariakor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi nao walipakiwa kwenye treni, lakini kwa hesabu ya reli hawakuwa abiria. Walikuwa shehena, na shehena haiahidiwi saa ya kufika wala chakula cha jioni.

Tena kuna watu wa Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwashutumu kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawang'oa watu wa mlima mzima na kuwapeleka upande wa Malindi. Njaa na maradhi vikawamaliza wengi. Waliobaki walisubiri hadi miaka ya 1930 ndipo wakaruhusiwa kurudi mlimani kwao. Hiyo nayo ni safari ya wakati wa vita. Itafute kwenye ratiba.

Najua utanijibu: usiitupe ratiba, nayo ni ushahidi. Sawa, sikatai. Treni ya raia ikiondolewa ratibani, tunaona jinsi jeshi lilivyobana njia. Tukijua mwendo wa treni, tunaweza kukadiria safari ya askari kutoka Kilindini hadi mstari wa mbele. Lakini huo ni ushahidi wa upande mmoja, na sisi tumeufanya kuwa kesi nzima.

Mkono ulioandika ratiba ndio ulioandika makaburi. Nenda makaburi ya vita ya Voi na Taveta: mawe yamepangwa safi, jina na tarehe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mwenye kiti ndani ya treni alipata jiwe. Shehena haikupata.

Kwa hiyo, ndugu zangu watafiti, tubadilishe swali. Tutafute vitabu vya mishahara, orodha za wapagazi, hati za usafiri za kijeshi, barua za madisii. Tukitoka maktaba tuende Mwatate, Bura, Wundanyi na Kasigau, tuwaulize wazee: katika ukoo wenu, nani alichukuliwa asirudi? Jina hilo liandikwe kabla mzee hajaondoka nalo. Na wanaowatembeza wageni Salaita wakieleza mizinga na majenerali, waeleze pia ni nani aliyebeba maji ya kunywa ya majenerali hao.

Atakayepata ratiba ya 1915 anipigie simu. Nitafurahi, sitaficha. Nitakuja hata usiku. Ila aje pia na jina moja la mpagazi aliyepita Voi mwaka huo, na hilo ndilo tutakaloanza kulisoma.