MIEZI MITATU YA KUSUBIRI KIDATO CHA KWANZA: TUWAFUNDISHE JOMETRI



 Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi, katika toleo hili ningependa tuzungumzie jambo ambalo kila mwaka tunaliona kwa macho yetu, lakini kila mwaka tunaliacha lipite. Nalo ni ile miezi mitatu na ushei ambayo mtoto aliyemaliza darasa la saba hukaa bila shule.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika mwezi wa Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo kijana wetu wa Chang'ombe, wa Kizota au wa Nkuhungu anafanya nini? Mvulana anapewa beseni la karanga azungushe stendi, au anashinda kwenye kibanda cha kuonyesha mpira. Msichana anabaki nyumbani kuteka maji, kupika na kulea wadogo zake, na wengine ndiyo huwa wamekwisha kuolewa kwa mawazo ya wakubwa kabla hata matokeo hayajatoka. Madaftari yanafungiwa vitumbua. Januari ikifika, mtoto anaingia darasani akiwa amesahau hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Tatizo liko wapi?

Tatizo kubwa liko kwenye Hisabati. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yaliyotangazwa na Baraza la Mitihani, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban asilimia 20 tu. Maana yake ni kwamba ukiwapanga safu wanafunzi watano, wanne wameanguka. Mwaka 2023 hali ilipanda kidogo ikafikia takriban robo ya watahiniwa. Hata hiyo robo si ya kujivunia. Somo hili ndilo linalofunga au kufungua milango ya uhandisi, upimaji ardhi, uhasibu, ufundi na hata biashara.

Na ndani ya Hisabati yenyewe, jometri ni mahali ambapo wengi hupotelea mapema. Kwa miaka mingi, muhtasari wa kidato cha kwanza umekuwa na mada ya jometri: mistari, pembe, maumbo na namna ya kuyachora. Kidato cha pili huja pembetatu zinazolingana na zinazofanana, pamoja na kanuni ya Pythagoras. Kidato cha tatu huja duara, na dunia kama tufe. Ni ngazi. Aliyeikosa ile ya kwanza hawezi kupanda ya pili, hata akiwa na akili namna gani.

Kinachoongeza ugumu ni lugha. Huyu mtoto amefundishwa kwa miaka saba kwamba hii ni pembetatu, hii ni pembe mraba, ile ni mistari sambamba, na huu ni mzingo wa duara. Siku ya kwanza ya sekondari anaambiwa kwa Kiingereza kwamba kuna triangle, right angle, parallel lines na circumference. Umbo ni lile lile alilolijua jana, ila leo hamjui mwenye jina. Anadhani yeye ni mjinga, kumbe ni mgeni tu. Wapo wengi walioikimbia Hisabati kwa ajili ya ugeni huo, wakasema maisha yao yote kwamba hawakuzaliwa na kichwa cha namba.

Wenye uwezo wanafanya nini?

Wenye uwezo wamekwisha kutambua hilo. Wao huwapeleka watoto wao kwenye masomo ya maandalizi, maarufu kama "pre-form one". Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini maandalizi haya hayana bure. Kwa hiyo mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama lishe wanaingia kwenye mlango mmoja mwezi Januari, ila mmoja amekwisha kutembea mwendo wa miezi mitatu mbele ya mwenzake.

Hata hivyo, si kila maandalizi ni maandalizi. Baadhi ya vituo huwakaririsha watoto orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza na kanuni za maeneo, basi. Mtoto anarudi nyumbani anaimba kwamba jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180. Ukimuuliza kwa nini, ananyamaza. Huku ni kupaka rangi ukuta ambao haujapigwa plasta.

Rai yangu

Rai yangu ni hii: madrasa zetu zichukue jukumu la kuwaandaa vijana wanaomaliza darasa la saba, kuanzia Oktoba mpaka katikati ya Desemba, kwa vipindi viwili kwa wiki baada ya sala ya Alasiri, na jometri iwe ndiyo uti wa mgongo wa maandalizi hayo. Majengo tunayo. Mikeka tunayo. Ubao upo. Watoto wenyewe tayari wanakuja kusoma Qur'ani. Walimu nao wapo miongoni mwetu: wako walimu wa sekondari wanaosali nasi safu moja, na wako vijana wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Mipango. Kinachokosekana ni kuitwa na kupangwa.

Najua wapo watakaosema kwamba madrasa ni ya dini, na Hisabati ina shule yake. Ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kusahau. Imamu Ghazali, katika Ihyaa Ulumuddin, aliitaja hesabu pamoja na utabibu miongoni mwa elimu ambazo ni fardhi kifaya, yaani lazima wapatikane katika umma watu wa kuzijua. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika katika karne ya 9 kile kitabu kilicholipa somo la aljebra jina lake, aliweka ndani yake mlango wa kupima maeneo na sehemu ndefu ya mahesabu ya wasia na mirathi. Kitabu cha jometri cha Euclid kilitafsiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar katika zama za Harun Rashid na Maamun. Na al-Biruni, mwaka 1025, aliandika kitabu kizima cha kutafuta mahali pa miji duniani ili ajue kibla cha mji wa Ghazna. Wazee hawa hawakuona ukuta kati ya msala na bikari.

Kibla chetu ni somo tosha

Na tuanzie hapo hapo kwenye kibla, kwa sababu kila mtoto wa madrasa anakijua. Muulize kijana yeyote Dodoma kibla kiko wapi, atakuonyesha upande wa kaskazini. Amesema kweli, lakini si kweli yote. Ukipiga hesabu ya dunia kama tufe, kibla cha Dodoma kiko takriban nyuzi 8 mashariki ya kaskazini halisi, na Makka iko umbali wa takriban kilomita 3,100 kutoka hapa. Ukikosea kwa nyuzi 10, mstari wako utapita zaidi ya kilomita 500 pembeni ya Makka. Wanazuoni wametufanyia wepesi katika jambo hili kwa asiyejua, na sala ya mwenye kujitahidi haina wasiwasi. Lakini kwa mwanafunzi wa jometri, hapo ndipo anapoona kwamba pembe ndogo si jambo dogo.

Sasa tumpe kazi. Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa hazijaanza kushika, asimike fimbo wima kwenye uwanja wa madrasa uliosawazishwa. Achukue kamba, aizungushe kwenye fimbo hiyo, achore duara. Asubuhi ncha ya kivuli iko nje ya duara. Itaingia polepole, naye aweke alama pale inapogusa mstari. Baada ya adhuhuri ncha itatoka tena upande wa pili, naye aweke alama nyingine. Aunganishe kila alama na mguu wa fimbo, kisha aigawe pembe iliyopatikana sehemu mbili sawa. Mstari huo wa katikati ndio kusini na kaskazini halisi. Waislamu wa kale waliijua njia hii, wakaiita duara ya Kihindi, na walipangia kwayo mihirabu.

Kazi haijaisha. Kutoka kwenye mstari huo wa kaskazini, achore pembe ya nyuzi 60 kwa kamba tu, kama anavyochora pembetatu yenye pande tatu sawa. Aigawe mara mbili, atapata 30. Aigawe tena, 15. Aigawe tena, nyuzi 7 na nusu. Hapo amekaribia kabisa kibla chake, bila dira na bila simu. Na kwa siku moja amejifunza duara, nusukipenyo, pembe, kugawa pembe na pembetatu yenye pande sawa. Mada hizo hizo ndizo atakazokutana nazo Januari.

Akitaka kuhakikisha kazi yake, asubiri mwaka unaofuata tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Katika nyakati hizo jua huwa juu kabisa ya Kaaba, na saa yetu ni moja na ya Makka. Aliyeko Dodoma akielekea jua wakati huo, ameelekea kibla, na kivuli chake kiko nyuma yake sawasawa.

Kuna na jingine. Karibu na tarehe 9 Oktoba, mchana wa saa sita na dakika ishirini na kitu, jua hupita juu kabisa ya mji wetu. Fimbo iliyosimama wima inakosa kivuli. Siku hiyo ifanywe kuwa kipindi cha kwanza cha mwaka. Mtoto akiona kivuli kimeingia chini ya fimbo, atauliza kwa nini. Na akishauliza, ameshaanza kusoma. Kisha aonyeshwe Alasiri: wakati wake huingia kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Siku ile ambayo adhuhuri haina kivuli, wakati wa Alasiri fimbo na kivuli chake ni pande mbili zilizo sawa, na jua liko nyuzi 45. Hiyo ni pembetatu anayosali nayo kila siku bila kujua.

Tufundishe "umejuaje?"

Jambo la pili ni uthibitisho. Hapa ndipo shule nyingi hukimbia, na hapa ndipo madrasa ina nguvu. Mwanafunzi wa hadithi hufundishwa kuuliza: umeipokea kwa nani? Haridhiki na maneno matupu, anataka sanad. Jometri nayo ina adabu kama hiyo. Inauliza: umejuaje? Mtoto akate pembetatu ya karatasi, achane pembe zake tatu na kuzipanga pamoja. Ataona zimekaa kwenye mstari mnyoofu. Halafu aambiwe kwamba kuona kwa karatasi moja hakutoshi, maana zipo pembetatu zisizo na hesabu. Achore mstari sambamba na kitako cha pembetatu, upite kwenye kilele chake, na aeleze kwa mdomo wake kwa nini lazima ziwe nyuzi 180 kila mara. Aeleze kwanza kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha arudie kwa Kiingereza. Neno geni likikuta maana iko tayari, halisumbui.

Tuwapeleke pia kwa mafundi. Mji wetu umekuwa jiji tangu mwaka 2018 na kila upande nyumba zinainuka. Fundi anapoweka msingi hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hutafuta 5 kwenye mshazari ili kona ikae pembe mraba. Kijana akiona hivyo atajua kwamba Pythagoras si mtu wa kwenye kitabu tu, na kwamba viwanja tunavyogombania mipaka yake vinapimwa kwa elimu hii hii.

Kuhusu gharama, visiwe kisingizio. Kamba, misumari miwili, rula na karatasi vinatosha kuanzia. Mkebe mmoja wa hisabati watumie watoto wanne. Mwenye uwezo anunue mikebe kumi, iwe sadaka inayoendelea.

Na kwenu wazazi wa mabinti nina neno. Msimkate binti huyu katika miezi hii mitatu kwa sababu kazi za nyumbani ni nyingi. Saa mbili baada ya Alasiri, mara mbili kwa wiki, hazitaifanya nyumba ilale njaa. Lakini zinaweza kuwa tofauti kati ya binti anayeingia kidato cha kwanza akijiamini na yule atakayekata tamaa mwaka wa kwanza tu, akarudi nyumbani. Matokeo yakiwa bado, msiseme "tusubiri kwanza kama amechaguliwa." Elimu aliyoipata haitapotea, amechaguliwa au hakuchaguliwa.

Nanyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msione haya kuuliza. Msimcheke anayekosea neno la Kiingereza. Chora, futa, chora tena.

Basi uongozi wa madrasa, wazazi na walimu, tukutane kabla ya Septemba na kupanga ratiba, ili Oktoba isitukute tukiwa bado tunashauriana. Tumuombe Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na awafungulie vijana wetu fahamu zao.