Gloriosa: Uzuri Wenye Sumu

Katika vilima vya Kiriri, juu ya jiji la Bujumbura, hakuna majira ya majani kupukutika. Kuna kiangazi na kuna mvua. Mmea uitwao gloriosa hufuata utaratibu huo. Wakati wa kiangazi hulala ardhini ukiwa kiazi tu. Mvua zikianza, huchipua na kuparamia kichaka au ua wa nyumba kwa ncha za majani yake, ambazo hujisokota mfano wa vidole vinavyoshika. Petali zake sita ni nyekundu zenye manjano, nazo hupinda juu kama ndimi za moto. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, na kwa uzuri hawakukosea.

Huko Ulaya analo nduguye, Colchicum autumnale, achanuaye Septemba na Oktoba bila jani hata moja. Wengi hulidhania ua la zafarani, ile itiwayo katika pilau, ingawa zafarani ina stameni tatu nalo lina sita. Majani yake, yatokayo mwaka unaofuata, yamekwisha kuua watu walioyachuma wakidhani ni kitunguu saumu cha mwituni. Ndugu hao wawili hubeba sumu moja, kolkisini.

Katika gloriosa sumu imo mmea mzima, lakini imezidi katika kiazi. Hicho hufanana na kiazi kikuu kichanga, na askari aliyeishiwa posho porini aweza kukichimba kwa furaha. Watoto huvutwa na mbegu, ambazo ni nyekundu. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Aliyekula huweza kukaa saa kadhaa asihisi kitu. Kisha hutapika na kuharisha vikali. Baada ya siku moja au mbili, moyo, figo na uboho wa mifupa huanza kushindwa kazi. Anayenusurika huweza kunyonyoka nywele. Ni kweli kwamba kolkisini hiyohiyo, ikipimwa kwa miligramu, hutibu jongo. Lakini kati ya dawa na mauti nafasi ni ndogo mno, na kiazi hakipimwi kwa jicho.

Mwenye watoto wadogo aung'oe, mikono ikiwa na glavu, na achimbe kiazi chote, kwani kipande kikibaki huota tena. Mtoto akionekana ametafuna, asingojewe atapike wala asipewe dawa ya kienyeji: apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili mganga ajue anapambana na nini.