Mauzo ya kampuni za madini yawekwe wazi, kwa namba ambazo kompyuta inasoma

Ndugu na dada wa Kolwezi, Likasi, Fungurume, na popote kunakochimbwa shaba na kobalti,

Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inataka kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Ikiuza kwa dola milioni 100, wenyeji wana haki ya dola 300 000. Hesabu hiyo hata mtoto wa primeri anaiweza. Kigumu ni kujua kama ile milioni 100 ni 100 kweli, ao ni 160.

Sisi vijana, wengi tuko na diploma za kontabilite na hatuna kazi, tulienda ofisi moja kuomba hesabu za kampuni. Kisha « murudi kesho » nyingi tulipewa fotokopi ambayo 3 na 8 zinafanana. Hata ingekuwa PDF, ni picha ya karatasi tu: kuilinganisha na mwaka uliopita, lazima uandike yote upya kwa mkono.

Kuna namna ingine, inaitwa XBRL. Kila namba inabeba jina lake, mwaka wake na aina ya pesa, kompyuta inaisoma yenyewe. Marekani ilianza kuidai kwa kampuni kubwa za bursa 2009, Afrika Kusini ikafuata 2018.

Na kwetu kazi kubwa imekwisha fanyika! Kongo iliingia OHADA 2012, na katika nchi zote 17 konti 70 ni mauzo, iwe Lubumbashi ao Dakar. Majina yako tayari.

Watatuambia umeme hakuna. Kule migodini uko, sisi njo tunakaa gizani. Watasema wachuuzi watasumbuliwa: hapana, mama wa soko hatumuombi kitu, OHADA yenyewe iliwawekea wadogo mfumo mwepesi.

Tusijidanganye pia. Mwongo ataandika uongo hata ndani ya XBRL. Lakini siku ileile tutauweka kando ya namba za mwaka uliopita na za madini yaliyopita forodha.

Tunaidai serikali: kuanzia mwaka ujao, kila kampuni ya madini ilete hesabu zake kwa namna hii, na ziwekwe kwenye intaneti bila kulipisha mutu. Kuzisoma, sisi tuko tayari. Muda tunao.