Jikune Ujipatapo: Kabati la Nguo na Mfuko wa Mwezi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya nguo. Wako watakaosema kwamba sheikh ameacha mambo ya dini akaingia kabatini mwa wanawake. Tunawaomba wasubiri kidogo, kwani jambo lenyewe ndilo lililotufuata chuoni tulipoketi, nasi hatukulitafuta.

Yupo binti mmoja katika wanafunzi wetu wa alasiri, mwenye miaka 13, hodari wa kuhifadhi. Siku moja hakuja. Siku ya pili hakuja. Zikatimu siku tisa. Aliporudi tulimkemea mbele ya wenzake, tukidhani ni uvivu umemwingia. Aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Usiku ule mama wa nyumbani kwetu akatwambia tusilolijua: binti yule ana buibui moja tu, nalo limepauka hata likawa rangi ya jivu, na mshono wa kwapa umeachana. Wenzake walikuwa wakimcheka njiani. Kumbe hakuwa mvivu. Alikuwa akiona haya, nasi tukamwongezea haya juu ya haya. Tumemwomba Mola atughufirie, na binti naye tumemtaka radhi, tena mbele ya wale wale tuliomkemea mbele yao.

Siku ya tatu mama yake alikuja kututazama. Ni mama mwenye heshima zake, auzaye mahamri na viazi vya karai mlangoni kwake. Alisema, "Maalim, mwezi huu nimetoa shilingi 2,500 za sare ya arusi, na nusu yake nimekopa kwa simu. Nisingevaa sare ningeambiwa siwapendi watu wangu. Buibui la mtoto nikasema lingoje." Tulinyamaza. Kwani ni nani katika sisi asiyeijua arusi ya mjini kwetu, na macho ya watu ukumbini, na maneno ya kesho yake?

Basi makala haya tumeyaandika kwa ajili ya mama huyo, na wote walio mfano wake. Hatutamwambia asipendeze. Tunataka kumwonyesha namna ya kupendeza pasi na kumnyima mtoto buibui, wala kulala na deni kichwani.

Kwanza, tuondoe shaka moja. Wako wanaodhani kwamba ucha Mungu ni kuvaa matambara. Bwana Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, iwapo hicho ni kiburi. Akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na katika Suratul A'raf tumeamrishwa tuchukue mapambo yetu kila tuendapo kuabudu, kisha katika aya hiyo hiyo tukakatazwa israfu. Pambo na kiasi vimewekwa pamoja, na mwenye kuvitenganisha amekosea, ama kwa upande huu ama kwa upande ule.

Pili, tufungue kabati. Hili ndilo darasa lenyewe, na halina ada. Siku ya Jumamosi, watoto wakiwa wamekwenda kucheza, toa nguo zote uzitandike kitandani, uzigawe mafungu matatu: unazovaa, unazoweza kuvaa zikitengenezwa, na ambazo mwaka mzima hukuzigusa. Mama wa nyumbani kwetu alipofanya hivyo Shaabani iliyopita, alikuta mitandio kumi na saba na gauni moja tu la kwenda nalo matangani. Alicheka, nasi tukacheka, mpaka alipotugeukia akazitoa kanzu zetu, akakuta sita, na mbili katika hizo hazitupiti tena tumboni. Ukilijua lililomo kabatini mwako, muuzaji hatakudanganya kwamba huna nguo.

Fungu la pili lipeleke kwa fundi wa cherehani kabla hujakwenda dukani. Kushona mshono ulioachana, kubadili zipu, kuliteremsha gauni chini, kupunguza kiuno, ni kazi ndogo ukiilinganisha na bei ya nguo mpya. Wala kiraka si aibu. Bibi Aisha (R.A.) alisimulia kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Fungu la tatu litoe sadaka lingali zuri, usingoje lioze; atakayelivaa naye anapenda kupendeza kama wewe.

Tatu, tujue kununua. Mtu hununua kwa macho, kisha akajuta kwa mfuko. Chukua mfano huu. Buibui zuri la shilingi 3,500 ukilivaa siku nne kwa juma, kwa muda wa miaka miwili, utakuwa umelivaa mara 416. Kila mara moja imekugharimu shilingi nane na kitu. Sare ya shilingi 2,500 iliyovaliwa usiku mmoja imekugharimu shilingi 2,500 kwa usiku ule. Ipi iliyo rahisi, na ipi iliyo ghali? Bei iliyoandikwa dukani si bei ya kweli; bei ya kweli huijua baada ya mwaka.

Kwa mama wa kawaida wa pwani, tumeshauriana na wanaojua zaidi yetu, nao wakatwambia kwamba hivi vyatosha kuanzia: mabuibui mawili, moja la kila siku na moja la kutokea, madira matatu ya nyumbani, doti mbili za leso, gauni moja la Idi na arusi lisilo na nakshi nyingi mno, ili watu wasilikariri, mitandio minne au mitano, viatu jozi mbili. Siri iko katika rangi. Chagua rangi mbili zinazokupendeza, na nguo zako kubwa ziwe katika hizo. Mabadiliko uyafanye kwa mtandio, kwani mtandio ni wa bei nafuu. Gauni moja la samawati iliyoiva, leo kwa mtandio wa maziwa, kesho kwa wa waridi, watu watadhani una magauni matatu.

Kitambaa nacho kina elimu yake. Kielekeze mwangani, ukiviona vidole vyako upande wa pili, hakitakusitiri, na utalazimika kununua kingine cha kuvaa ndani. Kikunje ngumini kisha ukiachie. Kikibaki na makunyanzi kitakula makaa ya pasi au umeme wako kila siku. Kisugue kwa kitambaa cheupe kilichotiwa maji; kikiacha rangi, jua kitazichafua na nguo nyingine. Poliesta haipauki upesi kama pamba iliyotiwa rangi nyeusi, lakini hufunga joto, na joto la Mombasa mnalijua. Kwa hivyo wengi huvaa pamba ndani na poliesta nyepesi juu.

Na mitumba je? Tumeulizwa mara nyingi. Nguo ya mtumba ni halali, na asili yake ni tohara mpaka ijulikane najisi yake. Pamoja na hayo ifue kwanza, kwani ni usafi na ni afya. Ukienda Kongowea nenda asubuhi, na orodha yako mkononi. Tazama kwapa, kola, zipu na mishono ya ndani kabla ya kuitazama rangi. Gauni pana la mtumba lenye kitambaa kizuri, fundi mwema aweza kulitoa gauni la mtoto na mtandio juu. Lakini kilichokuwa rahisi kisha usikivae, hakikuwa rahisi.

Tusiisahau leso yetu. Ilianza kwa vitambaa vya Mreno vilivyoshonwa pamoja, na jina lenyewe limetokana na lugha yake, lakini leo ni vazi letu. Doti moja uliyoinunua Mtaa wa Biashara hujifunika, husalia, humbebea mtoto, hujitanda mgeni akibisha hodi. Ikizeeka ni foronya, kisha ni nepi, kisha ni tambara la jikoni. Iko nguo gani nyingine yenye utumishi mrefu hivyo?

Nne, kutunza. Nguo nyingi za watu wetu haziuawi na kuvaliwa, zinauawa na jua na sabuni. Buibui jeusi lifue kwa maji baridi, ndani ulitoe nje, kwa sabuni kidogo, na ulianike kivulini. Jua letu la saa saba ndilo lililompausha binti yule buibui lake. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, basi usiweke nguo kabatini haijakauka barabara, itaota ukungu. Fungua milango ya kabati mara moja kwa juma ipate hewa. Kisha fukiza udi. Kichetezo kidogo na kipande kidogo cha udi, na nguo ya miaka mitano itanukia kama ya arusi. Ila wanawake wakumbuke kwamba manukato hayo ni ya nyumbani na ya mikutano ya wanawake wenyewe.

Tano, wakati. Wengi wetu hununua nguo za Idi katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati bei zimepanda na msongamano hauna kifani. Tunapata hasara mbili: fedha zimekwenda, na masiku yale matukufu tumeyamalizia madukani. Nunua kitambaa Rajabu au Shaabani, mpe fundi angali na nafasi. Mtoto akuaye mwachie upindo mrefu, mwakani uteremshwe. Na wale wenye chama cha kina mama, kimoja katika vyama hivyo kiwe cha nguo: kila mwezi mmoja wenu anunue lililo la lazima kwa fedha taslimu, asikope kwa riba.

Sasa turudi kwenye sare, kwani ndipo penye jipu. Hatusemi sare ni haramu. Tunasema si haki mwenye arusi kuchagua kitambaa ambacho nusu ya jamaa zake watakikopea. Deni si jambo dogo, Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga nalo katika dua yake. Wenye arusi, chagueni rangi, msichague kitambaa: mwambieni kila mtu aje na kijani alicho nacho. Au chagueni leso doti moja, ambayo mtu ataivaa baada ya arusi.

Au azimaneni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na walikusudia yule aazimaye ili ajifanye asichokuwa. Lakini imepokewa na Imamu Bukhari kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vazi ambalo zama za Bwana Mtume (S.A.W.) kila mwanamke aliyepambwa Madina alituma kuliazima. Na alipoulizwa Bwana Mtume juu ya mwanamke asiye na jilbabu ya kutokea siku ya Idi, aliagiza mwenzake amvike katika jilbabu zake. Hakusema akakope. Basi katika kila mtaa wetu, kina mama kumi wenye gauni moja moja la arusi wana magauni kumi, wakipendana.

Nasi kina baba tusikae pembeni tukitikisa vichwa. Chakula na mavazi ya mke ni juu ya mume, kwa wema, na kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Hivyo ndivyo Qur'ani ilivyotufunza. Mume asemaye "wanawake wanapenda nguo" naye tangu mwaka juzi hajauliza buibui la mwanawe likoje, amesahau lililo lake. Mpe mkeo kiwango kinachojulikana, hata kiwe kidogo, ili ajue atakipanga vipi. Mtu hujikuna ajipatapo, na hawezi kujua mkono wake unafika wapi ikiwa kila mwezi unakatwa mahali tofauti.

Tulimwambia haya mama wa mahamri, wala hakuyapokea yote. Kuhusu sare alisema, "Maalim, hayo waambie wenye arusi, si mimi." Ana haki, ndiyo maana tumeyaandika hapa. Lakini alikwenda nyumbani akalitoa buibui lake la pili, lililokuwa limembana tangu alipomzaa mtoto wa mwisho, akampelekea fundi. Likakatwa, likapunguzwa mabega, likaachiwa upindo wa vidole vinne. Alhamisi iliyopita binti alikuja chuoni nalo, jeusi, limepigwa pasi. Aliketi safu ya mbele, akasoma Suratul Mulk kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kukosea hata mahali pamoja, nasi hatukumkemea kwa lolote.

Mwenyezi Mungu atuvike vazi la ucha Mungu, ambalo ndilo bora, na atupe cha kusitiri miili yetu bila ya deni wala kiburi. Amin.

Wabillahi tawfiq.