Bega Lililoumizwa Nalo Lina Haki



Mtu akichanjwa, bega likamharibikia, naye akaomba fidia, wengine humcheka: «Huyu atafuta feza tu.» Wengine hushangilia: «Mwaona? Chanjo ni sumu!» Wote wanakosa.

Tujue kwanza jambo lenyewe. Sindano yapaswa kuingia katika nyama nene ya mkono, chini ya ncha ya bega. Ikichomwa juu mno, yaweza kufika kwenye kiungo na kukiumiza. Basi kilichokosewa ni mahali pa kuchoma, si dawa. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Lakini mama wa Katuba asiyeweza kuinua mkono kwa miezi sita, atajitwisha namna gani beseni lake la unga kwenda sokoni?

Sheria yetu haikunyamaza. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria za kiraia, kitokacho katika amri ya mwaka 1888, chamlazimisha mwenye kosa kulipa hasara aliyomtia mwenziwe. Maneno mazuri! Lakini mdai ndiye wa kuthibitisha kosa. Mama yule atampata wapi wakili, na mganga wa kumwandikia ushahidi?

Marekani wamepata njia nyingine. Tangu 2017 bega lililoumia limo katika orodha yao ya madhara ya chanjo. Maumivu yakianza ndani ya saa 48, yakadumu zaidi ya miezi sita, mdai hana haja ya kuonyesha kosa la mwuguzi. Feza hutoka katika kodi inayotozwa kwa kila dozi.

Hata kwetu mlango ulifunguliwa kidogo. Februari 2021 mpango wa fidia ulitangazwa kwa nchi 92, Kongo ikiwamo. Lakini ulikuwa kwa chanjo za Korona za COVAX tu, tena kwa madhara mazito. Mama mja mzito aliyechomwa chanjo ya pepopunda hakuwamo.

Watasema: «Fidia itawatisha watu.» Sivyo! Watu huogopa daraja lisilo na ukingo. Tunawahimiza wote wachanjwe kwa faida ya wote. Basi mmoja akiumia, kwa nini abebe gharama peke yake?

Wabunge wetu watunge sheria ya mfuko wa fidia. Nawe msomaji, tunza karatasi yako ya chanjo, na bega likiuma wende kwa mganga mapema, akuandikie. Neno la mdomo hupotea. Karatasi husema mbele ya hakimu.